Maiti Kaonekana Mapema: Uchambuzi wa Mkato wa Kwanza wa Noir ya Wanafunzi

Kazi waliyopewa ilieleweka: watengeneze ufunguzi wa filamu ya kusisimua ya mtindo wa noir (filamu za uhalifu zenye giza na siri), usiozidi dakika 3, wenye jina la filamu na majina ya waliohusika. Kundi lenyewe ni la wanafunzi wanne wa Dar es Salaam: mwongozaji, mpiga picha, binti anayeshughulikia sauti, na mhariri ambaye pia ndiye aliyeandika hadithi. Mkato wa kwanza waliouleta, yaani toleo la kwanza lililohaririwa, ulikuwa na dakika 3 na sekunde 48. Niliombwa niutazame kabla haujafika kwa mwalimu wa kutoa alama, kwa hiyo nilikuwa na uhuru ambao yeye hana: kusema lolote bila neno langu kugeuka tarakimu.

Yaliyomo ni haya. Usiku, maji yamekupwa, mwanamume kalala chali kwenye mchanga, uso wake wote uko kwenye mwanga. Kisha mwanamume mwingine, koti refu jeusi na kofia ya pama, anatembea mitaa ya katikati ya mji kwa sekunde 38 nzima. Anapanda ngazi za mbao za jengo la zamani upande wa Kisutu, anaingia ofisini, anawasha sigara. Simu inaita, hapokei. Mwanamke anaingia, wanarushiana maneno makali, anatupa picha mezani. Ni yule yule wa mchangani. "Nitafutie mume wangu," anasema. Muda wote huo msimulizi anasimulia juu ya picha, na sentensi yake ya mwisho ni hii: "Sikujua kwamba aliyekaa mbele yangu ndiye aliyemuua." Saksofoni inalia, jina la filamu linatokea, skrini inakuwa nyeusi. Zote ni rangi nyeusi na nyeupe.

Kabla ya lawama niseme lililonifurahisha, kwa sababu ndilo lililonifanya niamini kazi hii inastahili kurudiwa. Shujaa wao si mpelelezi wa kujitegemea. Kwenye skripti ni karani wa kampuni ya uwakala wa forodha, kijana anayejua kontena gani limeingia, nani kasaini, na nani kalipa ili faili lipotee. Huyo ni mtu wa Dar es Salaam. Mji wenye bandari kama huu hauhitaji kuazima mtu wa kujua siri za watu. Unao wengi, na wanakula chipsi mayai mchana kama sisi. Tena chaguo hili lina ukoo mzuri. Shujaa wa Double Indemnity ya mwaka 1944, filamu inayotajwa kila noir inapojadiliwa, hakuwa mpelelezi bali muuzaji wa bima. Noir huwapenda watu wenye kazi ya mshahara na ufunguo wa ofisi, kwa kuwa hao ndio wenye kitu cha kupoteza.

Shida ni kwamba kwenye mkato wa kwanza hakuna mtu angeweza kujua huyu ni karani. Koti na kofia vinasema mpelelezi, na hakuna kitu mezani kinachobisha. Niliwaambia wauoneshe kwa watu ambao hawakuhusika, halafu wasiwaulize kama wameipenda, maana hapa kwetu jibu la swali hilo ni "hongereni" hata kama mtu alikuwa anachati. Waulize mambo mawili tu: huyu mtu anafanya kazi gani, na wewe unasubiri kujua nini? Majibu waliyoniletea yalikuwa ukaguzi bora kuliko wangu. Kwa swali la kwanza, wote walisema mpelelezi. Kwa la pili, mmoja alijibu: "Sisubiri kitu, si ameshasema huyo mama ndiye kaua?" Na walicheka. Walicheka pale koti lilipotokea, kwa sababu kila mtazamaji alijua usiku ule wa Dar ulivyokuwa na joto.

Kicheko hicho kiliwaumiza vijana, hasa mwongozaji, aliyekuwa ameazima lile koti kwa shida. Nikawasimulia kilichompata mwongozaji Billy Wilder na filamu yake Sunset Boulevard. Filamu hiyo, iliyotoka mwaka 1950, ilikuwa na ufunguzi mwingine kabisa: chumba cha maiti, na maiti wanazungumza wao kwa wao kuhusu vifo vyao. Kwenye onyesho la majaribio huko Evanston, Illinois, watazamaji waliangua kicheko mara tu kibandiko kilipofungwa kwenye kidole cha mguu cha maiti. Wilder hakuwaita wajinga. Aliitoa sehemu yote hiyo, na ufunguzi unaojulikana leo, wa maiti anayeelea kwenye bwawa la kuogelea, ulitokana na kicheko kile. Mtazamaji anayecheka pasipostahili anakupa habari ya bure, tena sahihi kuliko ya rafiki anayekupongeza.

Hapo mhariri akanishika. "Mwalimu, mbona na yeye alianza na maiti? Na huyo wa bima si anakiri mwanzoni kabisa kwamba ameua? Sisi tukifanya hivyo unasema tumemwaga siri."

Swali zuri, na nalijibu kwa kirefu kwa kuwa ndipo ufunguzi wote ulipolala. Ni kweli noir haioni haya kuanzia mwishoni. Kwenye Double Indemnity muuzaji wa bima anaingia ofisini usiku, anakaa mbele ya mashine ya kurekodi sauti na kukiri. Dakika chache tu zimepita na tunajua ameua. Lakini tazama kilichobaki gizani: mtu mcheshi, mwenye kazi nzuri, alifikaje hapo? Kuanzia dakika hiyo kila tabasamu lake linatutia hofu, kwa sababu sisi tunajua mwisho wake na yeye wa wakati ule hajui. Kwenye Sunset Boulevard tunaoneshwa maiti majini huku sauti ya mwanamume ikisimulia, lakini msimulizi anamzungumzia marehemu kama mtu baki, na inatuchukua muda kuelewa kwamba ni yeye mwenyewe. Filamu zote mbili zimefungua mlango mmoja na kuufunga mwingine.

Hawa vijana wamefungua yote. Sekunde ya 9 tumeshajua nani kafa, kwa sura. Picha inapotupwa mezani tunajua marehemu ni mume wa nani. Msimulizi anapofunga mdomo tunajua nani kaua na kwamba shujaa atadanganywa. Filamu nzima imekwisha kabla ya jina lake kutokea. Giza limejaa kwenye picha, lakini kwenye habari ni mchana kweupe, wakati ambapo noir kwa hakika hufanya kinyume: unaweza kuipiga saa sita mchana kwenye jua kali la Kariakoo ikabaki noir, mradi kuna jambo ambalo mtu mmoja analijua na mwingine halijui.

Kwa hiyo sikuwaambia waondoe maiti. Niliwaambia wachague: kama maiti anabaki, basi uso wake utoke au sentensi ya mwisho ya msimulizi itoke, na ikiwezekana vyote viwili. Dawa ilikuwemo tayari ndani ya mafaili ya picha walizopiga. Mpiga picha, kwa tabia nzuri ya kupiga vitu vya akiba, alikuwa na klozapu (picha ya karibu) ya mkono wa marehemu kwenye mchanga, saa yenye mkanda mweupe, maji yakianza kurudi na kugusa vidole. Sekunde 6. Mhariri aliiacha kwa sababu "haioneshi mtu". Ndiyo sifa yake! Tukiona mkono na saa mwanzoni, halafu picha ya mezani ikamwonesha mwanamume hai, amesimama mbele ya lori, na ile saa yenye mkanda mweupe mkononi, basi mtazamaji ataunganisha mwenyewe. Atajua kwamba mume anayetafutwa ameshakufa, karani hajui, na kama mwanamke anajua au hajui, hilo ndilo atakalobaki analisubiri. Swali la pili la wale watazamaji limepata jibu.

Ilibidi wapige upya kitu kimoja tu, ile picha iliyochapishwa, kwa kuwa kwenye ya kwanza mwigizaji hakuvaa saa. Klozapu ya kitu mezani ndiyo shoti (kipande kimoja cha picha kisichokatwa) rahisi kuliko zote kurudia: haihitaji waigizaji, haihitaji lokesheni, inahitaji meza inayofanana na mkono wa mtu yeyote.

Tuje kwenye mazungumzo, ambayo nayo yalikuwa yameazimwa. Mwanamke anafungua mlango, karani anasema, "Wewe ni nani?" Mwanamke anajibu, "Mtu ambaye hungependa kumjua." Waigizaji walikuwa wanajitahidi, lakini maneno haya hayana mji. Mtu hafungui mlango wa ofisi Dar es Salaam usiku na kuulizwa "wewe ni nani". Ataitikiwa hodi yake. Na hapa ndipo wenyeji walikuwa na silaha ambayo Los Angeles, mji wa noir za Marekani, haina: salamu. Mwigizaji wa karani ana sura ya miaka 25. Mwanamke ana 40 na kitu. Kijana yeyote aliyelelewa atasimama kidogo na kusema, "Shikamoo." Mwache aseme. Kisha mwanamke asiitikie. Asogee hadi mezani, aweke picha, akae bila kukaribishwa. Kwa mtazamaji wa Kiswahili, shikamoo iliyoachwa hewani bila marahaba inatisha kuliko bastola, kwa sababu bastola ameiona kwenye filamu tu, lakini kunyimwa marahaba anakujua mwilini mwake.

Hili walilirekodi upya kama sauti, bila kurudi na kamera. Kwenye shoti ambapo karani anaangalia mlango, mgongo wake uko kwetu na mdomo hauonekani. Neno moja likapachikwa hapo. Jibu la mwanamke likakatwa lote. Zikabaki sekunde 4 za kimya akitembea kutoka mlangoni, na zile hatua zake za viatu kwenye sakafu ya mbao zikapata kazi.

Msimulizi alikuwa na sentensi 11. Nyingi zilikuwa zinatuambia tunachokiona: "Nilipanda ngazi," huku anapanda ngazi. Zimebaki mbili. Ya kwanza inakuja juu ya mkono mchangani, nayo haimtaji marehemu wala kifo. Inasema tu kwamba kazi yake ilikuwa kupiga mihuri, na karatasi ikishapigwa muhuri hakuna anayeisoma tena. Niliipenda sana. Ilikuwa imejificha katikati ya aya ya skripti, ya saba au ya nane, na mwandishi mwenyewe hakujua kwamba ndiyo bora aliyoandika. Mara nyingi ndivyo ilivyo.

Muhuri huohuo ukatatua suala la kazi yake. Kulikuwa na sekunde 5 za karani akigonga muhuri kwenye hati za mizigo, rundo la mafaili pembeni, zilizotupwa kwa kuonekana za kuchosha. Zimerudi, na zimewekwa mara tu baada ya mkono wa maiti, mgongo wa muhuri, yaani kishindo chake, ukiangukia hasa pale picha inapobadilika. Matembezi ya barabarani yametoka yote, koti likiwemo. Kwenye ngazi tunaona viatu na mkono kwenye ukingo, basi. Ofisini mwigizaji alikuwa ameshavua koti kwa joto, yuko na shati lililokunjwa mikono, amelowa kidogo mgongoni, na hilo jasho limefanya kazi ambayo koti lilishindwa. Kofia ya pama imebaki mezani kwenye shoti mbili. Haidhuru, inaweza kuwa ya bosi.

Sauti ilikuwa na mambo mawili. La kwanza ni la ufundi na ni la kila kazi ya wanafunzi: kila picha inapobadilika, mlio wa chumba unabadilika nao. Feni ipo, feni haipo, bodaboda imekatwa katikati. Binti wa sauti alikuwa amerekodi kimya cha kile chumba peke yake, dakika nzima bila mtu kusema, kama alivyofundishwa, lakini hakuna aliyekitumia. Kilipotandazwa chini ya mazungumzo yote kama leya (tabaka) moja, viraka vyote vilifunikwa. Vilevile hatua za mwanamke kwenye ngazi sasa zinasikika kabla hatujaondoka kwenye uso wa karani. Sauti ikitangulia picha, mtazamaji anageuza shingo kabla ya kamera.

La pili ni saksofoni. Ilichukuliwa kwenye maktaba ya muziki wa bure mtandaoni, na inasikika hivyo. Tulibishana kidogo. Mwongozaji alisema bila muziki haitajulikana kuwa ni noir. Mfano wangu ulikuwa Touch of Evil ya mwaka 1958. Ufunguzi wake ni shoti moja isiyokatwa ya zaidi ya dakika 3: bomu linawekwa kwenye gari, na gari linapita mitaa ya mji wa mpakani. Studio iliweka majina ya waliohusika juu ya picha na muziki wa mtunzi Henry Mancini chini yake. Mwongozaji wake, Orson Welles, aliyekuwa ameshanyang'anywa uhariri, aliandika waraka wa kurasa 58 akieleza alivyotaka filamu ihaririwe. Mwaka 1998, Welles akiwa ameshafariki, mhariri Walter Murch aliihariri upya kwa kuufuata waraka ule. Majina yakaondolewa kwenye ile shoti, na badala ya muziki mmoja wa kufunika yote tunasikia muziki wa mitaani, unaotoka kwenye vilabu na redio ya gari, ukija na kupotea gari linavyopita. Mtu anaweza kupenda toleo lolote kati ya hayo mawili, ila tofauti ni kubwa: la kwanza linakuambia uogope, la pili linakuacha usikilize ndani ya mji.

Mji wao una sauti zake. Ofisi ile iko karibu kiasi kwamba usiku ukitulia honi ya pantoni ya Kigamboni inafika. Kuna redio ya mlinzi huko chini. Walitaka redio ipige wimbo wa zamani wa dansi, nami nikawakumbusha kwamba wimbo una wenyewe, na kabla ya kuutumia hadharani ni lazima kupata ruhusa. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo kwa mambo hayo. Wakaishia na redio inayosoma matangazo ya vifo, waliyoyaandika na kuyarekodi wenyewe, kwa sauti ya chini kiasi kwamba hayasikiki neno kwa neno. Ubunifu huo ulikuwa wao, sikuwa na mkono wangu ndani yake.

Kwenye picha nitapita haraka, isipokuwa jambo moja. Walipiga kwa rangi kisha wakaondoa rangi zote kwa kubonyeza mara moja. Mwanamke amevaa gauni jekundu. Ukuta nyuma yake umepakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi kiunoni, kama ofisi nyingi za zamani. Kwa macho, nyekundu na kijani ni mbingu na ardhi. Rangi zikiondolewa kwa njia ile, zote mbili zinaangukia kijivu kilekile, na mwanamke aliyetakiwa kujaza chumba anamezwa na ukuta kuanzia kiunoni kwenda chini. Programu ya kuhariri inaruhusu kuamua kila rangi iwe nyeusi au nyeupe kiasi gani. Nyekundu ikapandishwa, kijani ikashushwa, na gauni likang'aa mbele ya ukuta mweusi. Wapiga picha wa filamu nyeusi na nyeupe walikuwa wakifanya hivyo kwa kichujio chekundu mbele ya lenzi.

Kivuli nacho. Walikata maboksi kutengeneza mistari ya mapazia ya mabamba, kwa kuwa ndivyo noir inavyochorwa. Mistari ilitoka minene na yenye kuyumba. Lakini kwenye shoti moja taa ya nje ilipita kwenye grili ya dirisha na kutupa ua la chuma ukutani, juu ya bega la karani. Nani Dar hajui hilo grili? Sote tunalala nyuma yake. Shoti hiyo sasa ndiyo ya kwanza ya ofisini.

Kumeta kwa picha kwenye korido hakujapona. Umeme wetu ni wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), taa zile zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, nao walipiga kwa shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) ya sekunde 1/60, kwa hiyo mawimbi ya giza yanapita kwenye picha. Wangeweka 1/50 yasingekuwepo. Mhariri amezifupisha shoti hizo hadi zinaonekana kama taa mbovu, na mimi naikubali.

Mkato wa pili una dakika 2 na sekunde 51. Mabishano yaliyobaki ni jina la filamu litokee wapi. Mwongozaji anataka baada ya karani kuinua macho kutoka kwenye picha na kumtazama mwanamke. Mhariri anataka kabla hajayainua, tukiwa bado kwenye saa yenye mkanda mweupe. Niko upande wa mhariri, kwa sababu macho yale, jinsi yalivyoigizwa, yanaonekana kama ya mtu aliyeshashtukia, na karani hatakiwi kushtukia chochote. Pia shoti ya mwanamke kutoka begani kwa karani imevuka mstari wa digrii 180, ule wa kufikirika kati ya waigizaji wawili ambao kamera haitakiwi kuuvuka, ghafla wote wawili wanaangalia upande mmoja. Hiyo haitengenezeki kwenye uhariri. Wanarudi Jumapili, maduka ya chini yakiwa yamefungwa, na nimewaambia waende na lile gauni jekundu, waache koti.